Sauti za Kituruki cha vijijini katika Anatolia ya Kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu waliokulia katika Kiswahili, wakajifunza Kituruki darasani, kisha wakafika Kayseri, Sivas au Yozgat na kukuta kwamba lugha waliyoisoma na lugha wanayoisikia kwa wenyeji hazifanani. Majibu yameandikwa kwa msomaji asiye mtaalamu wa isimu, ingawa tutalazimika kutaja irabu na konsonanti kwa majina yake.

Tunazungumzia Kituruki cha wapi hasa?

Tunazungumzia lahaja za vijiji vya uwanda wa juu ulio katikati ya Uturuki, mashariki na kusini-mashariki ya Ankara, katika mikoa kama Yozgat, Kırşehir, Kayseri na Sivas. Mwanaisimu Leylâ Karahan, katika uainishaji alioutoa mwaka 1996 na unaotumiwa mpaka leo, alizigawa lahaja za Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, katika makundi makuu matatu, yaani la mashariki, la kaskazini-mashariki na la magharibi. Vijiji tunavyovizungumzia vimo katika kundi la magharibi, ambalo ndilo lenye eneo kubwa kuliko mengine. Ndani ya eneo hilo kijiji kimoja hakisemi sawasawa na cha pili, kwa hiyo msomaji akisoma hapa kwamba "vijijini husema hivi", aelewe kwamba tunasema juu ya vijiji vingi, wala si kila nyumba.

Kituruki sanifu, kile cha vitabu na taarifa za habari, kimejengwa juu ya matamshi ya Istanbul. Kila tunapokitaja kwa kulinganisha, ndicho hicho.

Kwa nini maneno niliyofundishwa kuwa yanaanza na k nayasikia yakianza na g?

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo sikio la mgeni hulinasa. *Kız* (msichana) husikika *gız*, *kara* (nyeusi) husikika *gara*, *koyun* (kondoo) husikika *goyun*, na *kalem*, ambayo ni kalamu yetu hiihii iliyotoka katika Kiarabu, husikika *galem*. Konsonanti isiyo na mtetemo wa nyuzi za sauti imekuwa yenye mtetemo, na hutokea hasa pale ambapo irabu inayofuata hutamkwa nyuma ya kinywa, yaani *a*, *ı* (isiyo na nukta), *o* na *u*. Ndiyo maana paka bado ni *kedi*, kwa kuwa *e* ni irabu ya mbele. Yapo maneno machache ya irabu za mbele yaliyovutwa humohumo, kama *kendi* (mwenyewe) linalosikika *gendi* na *keçi* (mbuzi) linalosikika *geçi*, lakini hayaondoi mwelekeo wa jumla.

Ndugu wa badiliko hili ni lile la *t* kuwa *d*. Jiwe, ambalo kwa usanifu ni *taş*, huwa *daş*. Chumvi, *tuz*, huwa *duz*. Na kuku, *tavuk*, huwa *davuh*.

Anayedhani kwamba wanavijiji wamelegeza ulimi atazame lugha jirani. Katika Kiazabajani na Kiturukimeni jiwe ni *daş* na chumvi ni *duz*, nao ni lugha za kitaifa zenye kamusi na shule zake. Lugha hizi zote, pamoja na Kituruki chenyewe, ni za tawi la Waoghuz, na tabia ya kuipa *t* ya mwanzo mtetemo ni ya tawi hilo tangu zamani sana. Mahmud al-Kashgari, aliyeandika kamusi yake ya lugha za Waturuki kwa Kiarabu katika miaka ya 1070, alikwisha kuona kwamba pale ambapo Waturuki wengine hutamka *t*, Waoghuz hutamka *d*, na mmoja wa mifano yake ni neno la ngamia, ambalo leo katika Kituruki ni *deve*. Kituruki sanifu nacho kinasema *dil* (ulimi) na *dört* (nne) pale ambapo Kikazaki, kilicho nje ya tawi hilo, kinasema *til* na *tört*, na kinasema *gel* (njoo) na *göz* (jicho) pale ambapo Kikazaki kinasema *kel* na *köz*. Kwa maneno mengine, Istanbul imeifuata kanuni hiyo nusu ya njia, na kijiji kimeifikisha mwisho.

Sokoni niliuziwa kitu kinachoitwa *gabah*. Kwa nini hakimo katika kamusi?

Kimo, ila kimeandikwa *kabak*, nalo ni boga. Neno hili dogo linafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu lina *k* mbili, na kijijini kila moja imekwenda njia yake. Ile ya mwanzo imepata mtetemo na kuwa *g*. Ile ya mwisho, iliyokuwa kipasuo, imelegea ikawa kikwamizi: hewa haizibwi tena bali hupita kwa kukwaruza nyuma ya kinywa. Sauti yenyewe waijua wale wanaotamka *kheri* na *Khamisi* kwa *kh* ya Kiarabu. Katika maandishi ya kawaida Waturuki huiandika *h*.

Mimi mwenyewe, katika wiki zangu za kwanza Kayseri, nilisimama mbele ya meza ya boga nikipekua ukurasa wa herufi *g*, na mama aliyekuwa akiuza akanionyesha kwa kidole kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu. Baadaye nilijifunza kurudisha sauti nyuma kichwani kabla ya kufungua kamusi, na tangu hapo nikaanza kuelewa: *çoh* ni *çok* (sana), *yoh* ni *yok* (hakuna), *bahmah* ni *bakmak* (kutazama), *ahşam* ni *akşam* (jioni). Hapa pia Kiazabajani kinasimama upande wa kijiji, kwani husema *çox, yox, axşam*, na *x* yao ni *kh* hiyohiyo.

Mkate unabaki *ekmek*, kwa sababu ileile iliyomwacha paka alivyo. *K* ya mbele na *k* ya nyuma ni sauti mbili tofauti kinywani mwa mzungumzaji wa Kituruki, ingawa alfabeti imezipa herufi moja.

Ile sauti ya puani katika *baña* na *deñiz* ni nini?

Ni *ng'* ya *ng'ombe*, wala si zaidi ya hapo. Walimu wengi wa Kituruki hupata taabu kuwaelezea wanafunzi wa Ulaya sauti hii inapotokea katikati ya neno kabla ya irabu, lakini mtoto wa Mwanza au wa Mombasa anayo tangu utotoni, na anajua kwamba *ng'oa* na *ngoa* si neno moja. Wataalamu wa lahaja za Kituruki huiandika *ñ*. Kijijini utasikia *baña* (kwangu, kwa maana ya kupewa au kuambiwa), *saña* (kwako), *deñiz* (bahari), *yeñi* (mpya), *soñra* (baadaye), na mwishoni mwa kitenzi cha nafsi ya pili, *geldiñ* (ulikuja). Istanbul wamebaki na *n* ya kawaida katika maneno hayo yote.

Ningependa msomaji akae hapa kidogo, maana hakuna mahali pengine ambapo thamani ya lafudhi hizi inaonekana wazi kiasi hiki. Sauti hii ilikuwamo katika Kituruki cha kale, na imo leo katika Kiturukimeni, kinachoiandika *ň*, na katika Kikazaki. Katika maandishi ya Kiosmani, yaliyotumia herufi za Kiarabu, ilikuwa na alama yake, iliyoitwa *sağır kef*, maana yake "kefu kiziwi". Ilipopitishwa sheria ya herufi mpya tarehe 1 Novemba 1928, alfabeti ya Kilatini ya herufi 29 haikuipa nafasi, kwa sababu matamshi ya Istanbul yalikwisha kuipoteza. Tangu siku hiyo sauti inayosikika katika maelfu ya vijiji haina pa kuandikwa, na mtoto anayeileta shuleni kutoka nyumbani haikuti ubaoni.

Kupotea kwake kumechanganya maneno. Kwa usanifu *don* ni nguo ya ndani, na *don* pia ni barafu nyembamba ya asubuhi inayoua mimea. Pale ambapo *ñ* ingali hai, nguo ni *don* na barafu ni *doñ*, na hakuna anayechanganyikiwa. Vilevile *baña* hufichua jinsi lilivyoundwa: ni *ben* (mimi) likiongezewa kiambishi cha kale cha *-ga* au *-ka* kinachoonyesha uelekeo, na *n* ikakutana na konsonanti ya nyuma ya kinywa zikawa sauti moja. Anayesema *bana* amepoteza mshono huo, na anayesema *baña* anao bado mdomoni.

Je, mwafaka wa irabu unafanya kazi vijijini kama vitabuni?

Kwanza tukumbushane maana yake. Kiswahili kina mwafaka wake mdogo: tunasema *pigia* na *katia*, lakini *somea* na *endea*, kwa sababu irabu ya kiambishi hufuata irabu ya mzizi. Kituruki, chenye irabu nane, kimelichukua jambo hili kwa ukamilifu zaidi: *at* (farasi) kwa wingi ni *atlar*, na *ev* (nyumba) kwa wingi ni *evler*, kwani kiambishi hufuata irabu ya nyuma au ya mbele iliyotangulia.

Katika Anatolia ya Kati mwafaka huu mara nyingi ni mkali kuliko wa vitabuni. Ndugu ni *kardeş* kwa usanifu, neno lenye *a* ya nyuma na *e* ya mbele pamoja. Kijijini ni *gardaş*, irabu zote za nyuma. Asili yake ni *karındaş*, yaani mwenzako wa tumbo moja, na kila Mswahili anayesema "ndugu wa tumbo moja" ataona jinsi fikra mbili zilivyokutana bila kuazimana. Tofaa, ambalo usanifu huliita *elma*, ni *alma* kwa wazee wengi wa vijijini, kama ilivyo katika Kikazaki na Kiazabajani. Hata maneno ya mkopo husukumwa yaingie mstarini: *haber*, ambayo ni habari, huwa *habar*, na *mezar* (kaburi) huwa *mezer*.

Kuna pia irabu ya tisa. Vijiji vingi hutofautisha *e* iliyo wazi na *e* iliyofungwa, inayokaribia *i*, ambayo watafiti huiandika *é*. *El* yenye irabu iliyo wazi ni mkono, na *él* yenye irabu iliyofungwa ni watu baki, wasio wa ukoo. Kiazabajani huzitenga kwa herufi, *əl* na *el*, ilhali Kituruki sanifu kinayaandika maneno haya mawili kwa namna moja.

Kwa nini wazee husema *Iramazan* na *Irecep*?

Kwa sababu maneno ya asili ya Kituruki hayakuanza kwa *r* wala kwa *l*. Maneno yenye sauti hizo mwanzoni yameingia kutoka nje, na ulimi wa zamani uliyapokea kwa kutanguliza irabu: *Ramazan* ikawa *Iramazan*, *Recep* ikawa *Irecep*, *limon* (limau) ikawa *ilimon*, *radyo* ikawa *ıradyo*. Nasi tumefanya jambo la aina hiyo upande wa pili wa neno, kwani *kitāb* ya Kiarabu ilipofika pwani yetu ilipewa irabu ya mwisho ikawa *kitabu*, kwa kuwa Kiswahili kilitaka silabi iliyo wazi.

Ni kweli kwamba baadhi ya sauti hubadilishana nafasi?

Ndiyo, hasa pale *r* au *l* inapokaa karibu na konsonanti nyingine. Udongo, *toprak*, huwa *torpak*. Daraja, *köprü*, huwa *körpü*. Kiberiti, *kibrit*, huwa *kirbit*. Chungu, *çömlek*, huwa *çölmek*.

Vitenzi navyo vinanipotea. *Geliyoñ* ni nini?

Ni *geliyorsun*, "unakuja". Kiambishi *-yor* kilikuwa zamani kitenzi kamili chenye maana ya kutembea au kwenda, kikashikamana na kitenzi kilichokitangulia, na ndiyo sababu hata katika Kituruki sanifu hakifuati mwafaka wa irabu. Kijijini *r* yake imedondoka, na nafsi zimefupishwa: *geliyom* (ninakuja), *geliyoñ* (unakuja), *geliyo* (anakuja). Kwa "tunakuja", ambayo kwa usanifu ni *geliyoruz*, sehemu nyingi husema *geliyok* au *geliyoh*, kwa kuazima alama ya nafsi inayotumika katika wakati uliopita, kama katika *geldik* (tulikuja).

Konsonanti zinazokutana mpakani mwa mizizi na viambishi nazo humezana. *Onlar* (wao) huwa *onnar*, *anlamak* (kuelewa) huwa *annamak*, *yalnız* (peke yake) huwa *yannız*. Mengi ya haya utayasikia hata mjini mtu anaposema haraka, ila tofauti ni kwamba kijijini ndiyo matamshi ya kila wakati, hata mtu anaposema polepole.

Chukua sentensi moja ambayo mama anaweza kumwambia bintiye uani: *Gız, baña bah hele, davuhlar nerde?* Kwa usanifu ni *Kız, bana bak hele, tavuklar nerede?*, yaani "Binti, hebu nitazame, kuku wako wapi?" Katika maneno haya machache mna *k* iliyokuwa *g*, *n* iliyobaki *ñ*, *k* mbili zilizolegea na *t* iliyokuwa *d*, na kila moja imefanya hivyo kwa kanuni ambayo tumekwisha kuiona hapo juu.

Kwa hiyo matamshi haya si makosa?

Si makosa. Kosa katika lugha ni kuivunja kanuni ambayo jamii ya wasemaji inaifuata, na mwanakijiji anayesema *gara* haivunji kanuni yake. Angesema *gedi* kwa *kedi*, jirani zake wangeshangaa. Neno hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimewaona watu wazima wakinyamaza mbele ya mgeni, wakisema kwamba "Kituruki chetu ni kibovu", kumbe kinywani mwao mna sauti ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu huzisoma katika maandishi ya karne nyingi zilizopita.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Si kila kitu cha kijijini ni cha kale. *Toprak* ya Istanbul ndiyo iliyo karibu na umbo la zamani, na *torpak* ndiyo iliyogeuka. Katika *baña* mambo ni kinyume. Lahaja yoyote huhifadhi hapa na kubadilisha pale. Msomaji wa Kiswahili anaijua hali hii, kwani Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifu na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kazi, anayesema *ndia* na *mato* kwa Kimvita hakuanza kukosea siku hiyo.

Je, vijiji vyote vya Uturuki vinasema hivi?

Hapana, na mfano ulio mbali kabisa ni pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi. Katika Rize, *k* na *g* zikikutana na irabu za mbele husogea mbele kabisa: *gel* huwa *cel*, na *iki* (mbili) huwa *içi*. (Herufi *c* ya Kituruki ni *j* yetu, na *ç* ni *ch*.) Katika Trabzon mwafaka wa irabu, ambao Anatolia ya Kati inaushika kwa nguvu, umelegea mno, na utasikia *aldi* pale ambapo wengine husema *aldı* (alichukua). Bernt Brendemoen, mtaalamu kutoka Norwei aliyechapisha mwaka 2002 utafiti mkubwa juu ya lahaja za Trabzon, alionyesha kwamba ndani yake mna athari za Kigiriki kilichozungumzwa huko pamoja na tabia za Kituruki cha kale cha Anatolia. Kigiriki hicho bado kinasemwa katika vijiji vya Çaykara, chini ya jina la Romeyka.

Ni nani waliozikusanya sauti hizi?

Ahmet Caferoğlu, mzaliwa wa Ganja huko Azabajani, alizunguka Anatolia na kuchapisha katika miaka ya 1940 majuzuu ya hadithi na mazungumzo yaliyoandikwa kama yalivyotamkwa. Zeynep Korkmaz alifuata kwa utafiti wa kusini-magharibi mwaka 1956 na wa Nevşehir mwaka 1963. Taasisi ya Lugha ya Kituruki, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilitoa kati ya 1963 na 1982 kamusi ya maneno ya lahaja, *Derleme Sözlüğü*, yenye juzuu 12, na sehemu kubwa ya maneno yake ilikusanywa na walimu wa shule waliokuwa wakifundisha mikoani. Nawaheshimu sana walimu hao, kwa sababu asubuhi kazi yao ilikuwa kufundisha usanifu, na jioni waliketi na wazee wakiandika yale ambayo usanifu uliyaacha.

Zinapotea?

Zinapungua, ingawa si kwa kasi moja. Redio na televisheni za TRT, shirika la utangazaji la taifa lililoanzishwa mwaka 1964, zilifikisha matamshi ya Istanbul hadi jikoni, na vijana wengi wamehamia Ankara na Istanbul. Sauti ya *ñ* ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa haina herufi, na mjukuu aliyekulia mjini mara nyingi hata haisikii katika kinywa cha bibi yake. *Gız* na *gardaş* ni imara zaidi, kwani hutumika kwa mapenzi na utani hata na watu wa mjini.

Nikiwa mwanafunzi, nijifunze kusema hivi?

Andika na jibu mitihani kwa usanifu, na uzoeze sikio kwa lafudhi ya mahali unapoishi. Anza na mambo matatu: *g* ya mwanzo uirudishe kuwa *k*, *d* ya mwanzo uijaribu kuwa *t*, na *h* baada ya irabu ya nyuma uijaribu kuwa *k*. Kwa hayo tu utafungua sehemu kubwa ya maneno yaliyokuwa yamefungwa. Usiige lafudhi ya mtu mbele yake kabla hamjazoeana, maana anaweza kudhani unamkejeli. Lakini ukikaribishwa nyumbani kwa watu, ukamsikia mzee akisema *deñiz*, mwombe alirudie, kisha litamke naye kwa ile *ng'* uliyozaliwa nayo.